Historia ya Marekani Darasani: Ushahidi Kwanza, Maelezo Baadaye

Walimu wenzangu mnaofundisha darasa la 6 hadi la 8 huko Marekani, pamoja nanyi wasaidizi wa darasani na wazazi mnaokaa mezani jioni na vitabu vya watoto, mwongozo huu ni wenu. Wengi wetu tulisoma historia kwa kunakili kilichoandikwa ubaoni na kukikariri kwa ajili ya mtihani. Njia ile haimfai mtoto wa miaka 12 anayesoma shule katika mji wa Columbus au Minneapolis, na wala sisi haikutufikisha mbali.

Watoto wa umri huu wana kipaji ambacho mwalimu wa historia anapaswa kukishukuru: wanapenda kuamua. Nani kamwonea mwenzake, nani kaanza, nani anadanganya. Watabishania bao la saa ya mapumziko mpaka kengele ilie. Kazi yetu ni kuupa ubishi huo kitu cha maana cha kung'ang'ania. Kwa hiyo shughuli zote nitakazoeleza zina utaratibu mmoja: swali gumu, vipande vichache vya ushahidi, ubishi, uamuzi, na mwishoni kabisa mwalimu anaeleza kilichotokea. Ukianza na maelezo, umeshawapa jibu, na mtoto mwenye jibu hana sababu ya kusoma.

Hatua ya 1: Chagua swali kabla ya kuchagua mchezo

Kupaka rangi bendera, kukata kofia za karatasi zenye pembe tatu, kujenga kibanda cha walowezi kwa vijiti: haya yote yanachangamsha darasa kwa siku moja, lakini ukiwauliza wanafunzi wiki ijayo walijifunza nini, watakutajia gundi. Anza na swali. Swali zuri lina sifa mbili. Watu wenye akili timamu wanaweza kulijibu tofauti, na kila jibu lazima lisimame juu ya ushahidi.

Linganisha maswali haya mawili. "Vita vya uhuru wa Marekani vilianza mwaka gani?" Hilo ni la kukariri. "Nani alifyatua risasi ya kwanza pale Lexington alfajiri ya tarehe 19 Aprili 1775?" Hilo lina uhai, kwa sababu wanamgambo wa Massachusetts walikula kiapo kwamba ni Waingereza, maofisa wa Kiingereza wakaandika kwamba ni wanamgambo, na hadi leo hakuna aliyethibitisha.

Pitia mtaala wa jimbo lako, kwa kuwa hautafanana na wa jimbo la jirani. Katika majimbo mengi darasa la 8 huishia mwaka 1877, pale Ujenzi Mpya, yaani kipindi cha kuyarudisha majimbo ya Kusini baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ulipokoma. Andika maswali 5 au 6 kwa mwaka mzima, basi. Shughuli hizi zinakula vipindi, na kuna mambo mengine ambayo ni afadhali uyafundishe kwa ramani na maelezo ya dakika 20.

Hatua ya 2: Punguza maandishi, usipunguze ukweli

Maktaba ya Kongresi na Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka za Marekani zimeweka barua, picha, magazeti na ramani nyingi kwenye intaneti bila malipo. Tatizo ni kwamba Kiingereza cha mwaka 1770 kinamtesa hata mtoto aliyezaliwa Boston. Kata kila hati ibaki na maneno kama 60 hadi 80. Sahihisha tahajia ya kizamani. Weka maana ya maneno magumu chini ya karatasi hiyohiyo. Juu yake andika nani aliandika, lini, na alikuwa wapi jambo lilipotokea. Usiondoe kamwe jina la mwandishi na upande wake, maana hapo ndipo mwanafunzi anapoanzia kushuku.

Kama una wanafunzi waliofika karibuni kutoka Kongo, Burundi au kambi za wakimbizi za Tanzania na Kenya, waache wabishane kwanza kwa Kiswahili wakiwa wawili wawili, halafu waseme hitimisho lao kwa Kiingereza. Mtoto mwenye akili pevu asiyejua Kiingereza bado ana akili pevu. Anza na picha kila inapowezekana, kwa sababu mbele ya picha wote wanalingana.

Hatua ya 3: Fungua mwaka na kesi ya Boston

Ukiwa na nafasi ya kufanya shughuli moja tu katika mwongozo huu, fanya hii. Inahitaji vipindi vitatu.

Usiku wa tarehe 5 Machi 1770, mbele ya jengo la forodha katika King Street mjini Boston, askari wa Uingereza waliufyatulia umati risasi. Watu 5 walikufa. Mmoja wao alikuwa Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili wa Amerika. Kiongozi wa askari hao, Kapteni Thomas Preston, alishtakiwa kwa mauaji. Swali la darasa ni moja: je, Preston alitoa amri ya kufyatua?

Kipindi cha kwanza ni cha picha. Chapisha mchoro ambao Paul Revere aliuuza wiki chache baada ya tukio, ukate vipande vinne, na ukipe kila kikundi kipande kimoja. Wape dakika 5 waorodheshe wanachokiona kwa macho tu, bila kufasiri. Kisha unganisha vipande ukutani na uanze kuuliza. Askari wamesimamaje? Wamejipanga mstari mmoja, wanafyatua kwa pamoja. Ofisa yuko wapi? Nyuma yao, upanga juu. Watu wa mjini wameshika nini? Karibu hakuna kitu. Jengo nyuma ya askari limeandikwa nini? Hapo utasikia darasa likiguna, kwa sababu Revere ameliandika kuwa ni nyumba ya wachinjaji. Usiseme neno juu ya nia ya mchoraji. Waache walifikie wenyewe.

Kipindi cha pili ni cha mashahidi. Andaa karatasi sita. Daniel Calef alisema alimsikia ofisa akitoa amri mara mbili. William Wyatt naye alisema aliisikia amri. Richard Palmes alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuweka mkono begani mwa Preston, na akasema hakujua nani aliyetamka neno lile. Andrew, mtu mtumwa wa Oliver Wendell, alisema kwa yakini kwamba sauti ilitoka mbali zaidi ya kapteni. Newton Prince, mtu mweusi huru, alisema hakusikia amri yoyote, alisikia watu kwa ujumla wakipiga kelele. Karatasi ya sita ni maelezo ya Preston mwenyewe, aliyedai alikuwa mbele ya midomo ya bunduki, kwa hiyo angekuwa wa kwanza kufa kama angeamuru. Waambie wanafunzi kwamba zama zile mshtakiwa hakuruhusiwa kujitetea kwa kiapo mahakamani, hivyo maelezo yake wayasome kama hati ya nje ya kesi.

Kuna jambo ambalo lazima ulieleze kwa watoto wanaozungumza Kiswahili, vinginevyo kesi nzima itawapita. Katika Kiingereza neno la kutangaza moto na neno la kuamuru askari wafyatue ni lilelile: fire. Usiku ule kengele za mji zililia kama za ajali ya moto, watu wengine wakatoka na ndoo za maji, wengine wakawa wanawachokoza askari wafyatue kama wanathubutu. Kwa hiyo kusikia neno lile hakuthibitishi kwamba kapteni ndiye aliyelisema. Mashahidi walitofautiana hata juu ya mavazi: mmoja alisema ofisa aliyeamuru alivaa koti jekundu, mwingine akasema alivaa koti refu la juu la rangi nyingine. Wape nafasi ya kuugundua mgongano huo wenyewe. Nimeona watoto wanaochukia kusoma wakirudia mstari uleule mara nne kutafuta rangi ya koti.

Kipindi cha tatu ni mahakama. Kwa darasa la wanafunzi 28: waendesha mashtaka 4, mawakili wa utetezi 4, mashahidi 5, msomaji 1 wa maelezo ya Preston, wazee wa baraza 12, na waandishi wa habari 2, mmoja akiandikia gazeti la Boston na mwingine la London. Hakimu ni wewe, na kazi yako ni kutunza muda na adabu tu. Kila upande una dakika 3 za kufungua na 3 za kufunga. Shahidi haruhusiwi kubuni. Akiulizwa lisilo kwenye karatasi yake, anajibu kwamba hakumbuki. Baraza likitoa uamuzi, kila mmoja aandike sentensi mbili zinazomtaja shahidi aliyemshawishi.

Hapo ndipo ueleze kilichotokea. Wakili wa Preston na wa askari alikuwa John Adams, mzalendo wa Boston ambaye baadaye akawa rais wa pili wa Marekani. Preston aliachiwa huru Oktoba 1770. Kati ya askari 8, sita waliachiwa na wawili, Hugh Montgomery na Matthew Kilroy, walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia na kutiwa chapa ya moto kwenye kidole gumba. Kama baraza lako limemtia Preston hatiani, usilisahihishe. Waulize walimwamini shahidi gani kuliko wazee wa 1770, na kwa nini.

Bado dakika 10? Rudi kwenye mchoro na uwaombe wamtafute Attucks. Katika nakala nyingi huwezi kumtambua, kila aliyelala chini anaonekana mzungu. Kisha waambie kwamba Adams, akiwatetea askari, alimwelekezea Attucks lawama na kulieleza baraza kwamba sura yake peke yake ilitosha kumtisha mtu. Mchoraji alimfuta, wakili akamgeuza jitu la kutisha. Msikimbilie kipengele kingine. Watoto weusi darasani watakuwa na la kusema hapa, na wengine wanahitaji kulisikia.

Hatua ya 4: Katiba kwa karatasi ya miraba

Mkutano wa Philadelphia wa mwaka 1787, ulioandika Katiba ya Marekani, huwachosha wanafunzi kwa sababu unafundishwa kama orodha ya mapatano. Ufundishe kama ugomvi wa hesabu.

Chukua majimbo matano na uyagawe kwa vikundi. Tumia takwimu za sensa ya 1790, ukiwaeleza kwamba ilifanyika miaka 3 baada ya mkutano na wajumbe wenyewe walikuwa na makadirio tu. Virginia ilikuwa na watu 747,610, kati yao watumwa 292,627. South Carolina 249,073, watumwa 107,094. Pennsylvania 434,373, watumwa 3,737. Massachusetts 378,787, na sensa haikuhesabu mtumwa hata mmoja. Delaware 59,096, watumwa 8,887. Kila mraba ni watu 10,000. Kila kikundi kichore jimbo lake, kikitia kivuli miraba ya watu waliokuwa utumwani.

Sasa mvutano wa kwanza. Kikundi cha Virginia kipendekeze viti vya bunge vigawanywe kwa idadi ya watu. Delaware, yenye miraba 6 tu, italia, na ndivyo ilivyokuwa. Funga mlango na madirisha, piga marufuku kutoa maneno nje, kama wajumbe walivyokubaliana kutunza siri majira yote yale ya joto, na uwape dakika 12 wapatane. Vikundi vingi hufika karibu na suluhisho la kweli bila kuambiwa: baraza moja kwa idadi, jingine sawa kwa wote. Seneti na Baraza la Wawakilishi zinawaingia akilini kwa sababu wamezitoa jasho.

Mvutano wa pili ndio kiini. Uliza: miraba yenye kivuli ihesabiwe? Wanafunzi wengi hudhani Kusini ilitaka watumwa wasihesabiwe na Kaskazini ikawatetea. Waache wapige hesabu. Bila miraba ya kivuli Virginia ina takriban 45. Ikihesabiwa yote ina 75. Kwa theluthi mbili kasoro kidogo, yaani sehemu 3 kati ya 5 za miraba hiyo, kama ilivyoafikiwa, ina 63. South Carolina inapanda kutoka 14 hadi karibu 21. Massachusetts inabaki 38 kwa namna zote. Ndipo mtoto mmoja atasema kwa sauti kubwa kwamba waliomiliki watu ndio waliotaka wahesabiwe, ili wapate viti zaidi vya kulinda umiliki huo, huku watu wenyewe hawapigi kura. Ukisema wewe, wataandika daftarini na kusahau. Akisema yeye baada ya kuhesabu miraba, hasahau.

Kabla ya kutoka, weka viti vinne vitupu ukutani: mwanamke, mtu aliye utumwani, mjumbe wa taifa la wenyeji wa asili, mwanamume asiye na mali. Kila kikundi kiandike swali moja ambalo Katiba iliyoafikiwa ingemwachia mtu wa kiti hicho. Maswali tu, wasiigize sauti yake.

Hatua ya 5: Uzi wa merikani

Hii nimeipenda kwa ajili ya watoto wetu hasa. Mtoto kutoka Bujumbura au Mombasa huketi nyuma akiamini historia hii ni ya wengine. Mwonyeshe kitambaa.

Mwaka 1833 Edmund Roberts, kwa niaba ya serikali ya Marekani, alitia sahihi mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem huko Massachusetts, alifika Zanzibar akiwa balozi mdogo wa kwanza. Meli za Salem zilileta shuka ngumu za pamba zilizojulikana pwani kwa jina la merikani, na zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Misafara iliibeba merikani hadi Tabora na Ujiji, ambako ilitumika kama fedha.

Tengeneza vituo sita kuzunguka chumba: shamba la pamba la Kusini mwa Marekani, kiwanda cha nguo cha Massachusetts, ambako wengi wa wafanyakazi walikuwa wasichana, bandari ya Salem, bandari ya Zanzibar, njia ya misafara bara, na mji wa Ivoryton au Deep River, Connecticut, ambako pembe zilikatwa kuwa vibao vya piano. Kila kikundi kipate ramani, picha moja na maelezo mafupi, na kijaze kadi yenye maswali manne: nani anafanya kazi hapa, analipwa au halipwi, anaweza kuacha, faida inaenda wapi. Wakimaliza, pitisha uzi mmoja mrefu mkononi mwa kila kikundi kufuata bidhaa. Mtoto mwenye piano nyumbani kwa babu yake na mtoto ambaye ukoo wake umetoka Kigoma watajikuta wameshika uzi mmoja.

Kisha tangaza mwaka 1861: vita vimeanza, jeshi la maji la Kaskazini limezuia bandari za Kusini. Kata uzi kwa mkasi pale shambani. Waulize kila kituo kitafanya nini. Baada ya ubashiri wao, waambie kwamba merikani iliadimika Zanzibar na vitambaa vya Bombay na vya Uingereza vikachukua sokoni nafasi ambayo Wamarekani hawakuirudisha kwa ukubwa ule. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vinakoma kuwa vita vya watu wawili waliovaa buluu ya Kaskazini na kijivu cha Kusini.

Hatua ya 6: Je, ungechukua dola 7?

Inatosha kwa kipindi kimoja, na haihitaji kitu zaidi ya karatasi. Mwaka 1863, katikati ya vita hivyo, kikosi cha 54 cha Massachusetts, cha askari weusi wa Kaskazini, kiliandikishwa kwa ahadi ya malipo sawa na ya wazungu. Askari mzungu wa kawaida alipata dola 13 kwa mwezi na posho ya nguo juu. Askari mweusi alipangiwa 10, zikakatwa 3 za nguo, zikabaki 7.

Wape wanafunzi hati ya malipo wapige hesabu ya mwaka: 156 dhidi ya 84. Kisha kila kona ya chumba iwe na uamuzi wake. Kona ya kwanza: pokea 7. Ya pili: pokea 7 na ukubali jimbo la Massachusetts likujazie pengo. Ya tatu: kataa zote, endelea kupigana. Ya nne: weka silaha chini mpaka ulipwe. Waende, wajitetee, wahame wakishawishika.

Halafu wasome sehemu ya barua ambayo Koplo James Henry Gooding alimwandikia Rais Lincoln tarehe 28 Septemba 1863, akiuliza kama wao ni askari au ni vibarua. Kikosi cha 54 kilisimama kona ya tatu. Kilikuwa kimeshapoteza watu wengi katika shambulio la ngome ya Fort Wagner tarehe 18 Julai, kikaikataa hata fedha ya jimbo, huku familia nyumbani zikikosa chakula. Waliosimama kona ya nne wapewe habari ya Sajini William Walker wa kikosi cha South Carolina, aliyeongoza wenzake kuweka bunduki chini na akauawa mwanzoni mwa 1864 kwa kosa la uasi. Kongresi ililinganisha malipo Juni 1864. Gooding alikuwa ametekwa Februari, akafia katika gereza la Andersonville mwezi Julai. Waache wakae kimya kidogo, kisha waandike.

Kama mtaala wako unafika karne ya 20, jaribu kitu cha aina hii kwa mgomo wa Montgomery, Alabama, ambako watu weusi walisusia mabasi yaliyowabagua katika kukaa, uliodumu siku 381 kuanzia tarehe 5 Desemba 1955. Usianze na Rosa Parks, mwanamke ambaye kukamatwa kwake kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kuliuwasha mgomo. Anza na tatizo: mji mzima, watu weusi wengi hawana magari, kesho kazini, hakuna kupanda basi. Pangeni usafiri. Wakati wanapanga, walete vikwazo vya kweli, kama pale mji ulipowalazimisha madereva wa teksi kutoza senti 45 badala ya senti 10. Na wape jina la Claudette Colvin, aliyekataa kuinuka kitini Machi 1955 akiwa na miaka 15 na baadaye akawa mmoja wa wadai katika kesi iliyoubatilisha ubaguzi ule. Wakati ule alikuwa karibu rika lao.

Hatua ya 7: Yasiyoigizwa

Hapa sitalegeza. Usiigize mnada wa watumwa. Usiwalaze watoto chini ya madawati kuonyesha meli ya watumwa. Usifanye mchezo wa kumkimbiza mtumwa mtoro, wala matembezi ya uwanjani kuiga safari ya kufukuzwa kwa Wacherokee, taifa la wenyeji wa asili, kutoka ardhi yao. Dakika 45 haziwezi kumfundisha mtoto mateso yale, lakini zinatosha kumdhalilisha mwenzake mbele ya darasa. Na katika madarasa yetu kuna watoto waliokimbia kwao usiku kwa kweli.

Badala yake tumia nyaraka. Kwa Wacherokee, andika kadi bila tarehe na wanafunzi wazipange: katiba yao ya 1827, gazeti lao la Cherokee Phoenix la 1828, lililochapishwa kwa Kicherokee na Kiingereza, Sheria ya Kuwahamisha ya 1830, ushindi wa kesi ya Worcester katika Mahakama ya Juu mwaka 1832, mkataba wa New Echota wa Desemba 1835 wa kuiachia ardhi yao, uliotiwa sahihi na kikundi kidogo bila idhini ya baraza la taifa, pingamizi za chifu John Ross zenye maelfu ya sahihi, Seneti kuupitisha mkataba ule mwaka 1836 kwa kura moja tu zaidi ya zilizohitajika, na majeshi ya 1838. Takriban watu 16,000 walihamishwa, na inakadiriwa 4,000 walikufa. Swali: walibisha milango mingapi ya sheria, na kila mlango ulijibu nini? Mtoto akimaliza kupanga kadi hizo atakuwa na hasira yenye ushahidi ndani yake.

Jambo la kazi: tangu 2021 baadhi ya majimbo yamepitisha sheria zinazobana mafunzo kuhusu ubaguzi wa rangi. Soma ya kwako, mwonyeshe mkuu wa shule mpango wa somo mapema, na uwatumie wazazi barua ukieleza ni hati zipi zitasomwa. Mwalimu anayefundisha kwa hati za hifadhi ya taifa ana mguu imara wa kusimamia kuliko anayefundisha kwa maoni yake.

Hatua ya 8: Kadi ya mlangoni na alama

Dakika 5 za mwisho ni za kadi ya kutokea. Mwanafunzi anaandika sentensi tatu: uamuzi wangu, ushahidi ulionishawishi, na ushahidi unaonipinga. Sentensi ya tatu ndiyo ngumu. Mwezi wa kwanza wengi wataiacha wazi. Irudishe kadi na umwombe aijaze kesho asubuhi. Mwanafunzi anayejifunza Kiingereza aruhusiwe kuiandika kwa Kiswahili mwanzoni, nawe unayekisoma umpe alama kamili za fikra.

Usitoe alama kwa kushinda kesi wala kwa kuzungumza sana. Toa alama kwa kutaja chanzo, kwa kueleza kwa nini chanzo kile kiaminiwe au kitiliwe shaka, na kwa kubadili msimamo pale ushahidi unapodai. Kadi zote zihifadhi kwenye bahasha ya kila mwanafunzi. Mwezi wa Mei mpe kadi ya kesi ya Boston aliyoiandika Septemba, pamoja na karatasi zile sita, na umwambie aiandike upya.